Bi Nukta na Nambari ya Tatu

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, Bi Nukta atafunga droo ya meza yake na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne kazini. Katika miaka hiyo yote alichelewa mara tatu tu: mara mbili mvua ilikuwa imekata barabara, na mara ya tatu alikuwa anajifungua kitinda mimba wake.

Mhariri wa jarida hili alinifuata mimi niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa mkuu wa kitengo cha programu siku alipoajiriwa, na wenzangu wa siku hizo wametangulia mbele ya haki. Aliniambia kwa adabu zake zote, "Mzee, kurasa chache, ziwe za kuchangamsha. Mambo ya zamani tuyaache." Kuchangamsha nimekubali. Mambo ya zamani siyaachi. Atakayeona vyema kukata aya moja humu, azikate zote.

Tuanze na kuchangamsha.

Kampuni wakati huo ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vioo. Cha kwanza cha mkurugenzi, cha pili cha mauzo, na cha tatu, chenye feni iliyolalamika kutwa nzima, kilikuwa chetu sisi tuliokuwa tukiandika programu. Tulitengeneza kitu kimoja tu: programu ya kulinda majokofu ya chanjo katika vituo vya afya. Kompyuta ndogo ilikaa kando ya jokofu, ikasoma joto kila baada ya dakika tano, na joto likipanda kupita kiasi ikapiga king'ora. Bi Nukta aliajiriwa kunakili programu hiyo kwenye diski, kubandika lebo, kufunga vifurushi na kuvituma.

Wiki yake ya kwanza alikuja mezani kwangu na diski nne zilizorudishwa na wateja. Ya kwanza iliandikwa "Mpya". Ya pili, "Mpya kabisa". Ya tatu, "Ya mwisho". Ya nne, "Ya mwisho kweli". Mwandiko wa zote nne ulikuwa wangu.

"Mkuu," akasema, "katika hizi, ipi ni ya mwisho?"

Nikanyanyua iliyoandikwa "Ya mwisho kweli".

"Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Nimezifungua."

Chumba kizima kilicheka. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama na diski zake mkononi, akingoja jibu, na nikatambua kwamba sikuwa nalo.

Jibu alilipata yeye, na hakulitoa katika kitabu chochote cha kompyuta. Mama yake alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wengi, na kila mteja alikuwa na ramani yake ya karatasi, ile anayoiweka juu ya kitambaa kabla ya kukata. Pembeni mwa kila ramani mama aliandika nambari tatu. Mshono ukibadilika kabisa, nambari ya kwanza ilipanda. Akiongeza kitu, tuseme mfuko au ukosi, na gauni likabaki lilelile, ilipanda ya pili. Akirekebisha kosa lake mwenyewe, kwapa linalobana au pindo lililopanda upande mmoja, ilipanda ya tatu. Na ramani iliyokwisha kukatiwa kitambaa haikuguswa tena. Ukitaka kubadili, unachora nyingine na kuipa nambari yake.

Sheria hiyo ya mwisho ilikuwa na historia. Siku moja mama alipunguza kiuno cha ramani fulani bila kubadili nambari, kwa kuwa alikuwa na haraka na mkasi ulikuwa mkononi. Kesho yake msaidizi wake alikata gauni la pili kwa ramani ileile. Pacha wawili wakaenda kwenye harusi ya dada yao, mmoja amependeza, mwingine hawezi kuketi. Bi Nukta aliwahi kunieleza kwamba mama yake aliwarudia wale pacha nyumbani kwao, mbele ya mama yao na mashangazi, akasema, "Kosa ni langu, wala si la msaidizi wangu." Mkumbuke fundi huyo. Nitamhitaji mbele.

Basi katika mwaka wake wa tatu Bi Nukta aliandika karatasi moja, akaiombea dakika kumi katika kikao cha Jumatatu. Nambari ya kwanza ibadilike pale mteja atakapolazimika kujifunza upya. Ya pili, pale tutakapoongeza kitu bila kuharibu alichokizoea. Ya tatu, pale tutakaporekebisha kosa. Na toleo likishatoka mlangoni lisiguswe.

Mkurugenzi wetu wa kwanza alikuwa mtu mwema aliyeogopa aibu kuliko moto. "Hizo mbili za mwanzo nazipenda," akasema. "Hiyo ya tatu hapana. Daktari gani atanunua kitu kilichoandikwa mgongoni kwamba kimekosewa mara nne?"

"Yule anayetaka kujua kama kimerekebishwa," Bi Nukta akajibu.

Mkuu wa mauzo, tuliyemwita Tarumbeta kwa sauti yake, akasema kwamba mama huyu na vinukta vyake atatufilisi. Jina la Bi Nukta likamganda tangu hapo. Tukachukua nambari mbili, tukaiacha ya tatu mlangoni, na Bi Nukta akapewa cheo cha msimamizi wa matoleo. Mimi niliinua mkono kuunga mkono uamuzi wa mkurugenzi. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na njaa, na kikao kilikuwa kimepita saa saba.

Hapa kuchangamsha kunapumzika kidogo.

Mwaka wake wa sita tulitoa toleo la 3.2. Sehemu ya king'ora niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na niliionea fahari. Vituo kumi na tisa vilipelekewa. Siku ya kumi na moja, nikiwa peke yangu ofisini mchana wa Jumamosi, nilichomoa waya wa umeme wa kompyuta ya majaribio nikitaka kusogeza meza. Nilipourudisha, programu ikaamka vizuri, ikasoma joto vizuri, ila king'ora kilikuwa kimezimika na hakikujiwasha. Umeme ukikatika na kurudi, jokofu lilikuwa halina mlinzi.

Kulirekebisha kulinichukua dakika arobaini. Kilichobaki ni kulisema, na hapo ndipo nilipokwama. Nambari ya tatu tulikuwa tumeikataa. Toleo la 3.3 lilikwisha kutangazwa kwenye vipeperushi vya Tarumbeta, na mambo mapya yaliyoahidiwa yalikuwa hayajaandikwa. Kuviita vituo kumi na tisa na kuviambia virudishe diski kulimaanisha kumwambia mkurugenzi kwamba fundi wake mkuu hakuwahi kuchomoa waya. Nikafungua kabati la chuma, nikatoa diski mama, yaani ile ambayo nakala zote hutolewa kwake, nikaweka iliyorekebishwa mahali pake. Lebo nikaiandika vilevile: 3.2. Nikajiambia kwamba miezi miwili ijayo wale kumi na tisa watapata 3.3 na hakuna atakayejua. Tangu siku hiyo vituo vilivyofuata vilipata 3.2 iliyo salama, na vile vya mwanzo vikabaki na 3.2 isiyo salama, na hakuna binadamu aliyeweza kuzitofautisha ila mimi.

Wiki tano baadaye muuguzi mkuu wa kituo kimoja alimpigia simu Bi Nukta. Alikuwa amesikia uvumi wa kasoro ya umeme. "Sisi tuna 3.2," akasema. "Tuko salama?"

Bi Nukta hakujibu kwa kukisia. Alimwomba asubiri siku moja. Alitoa nakala kwenye diski mama, akaiweka katika kompyuta ya majaribio, akachomoa waya mara tatu. King'ora kikaamka mara tatu. Akaandika matokeo kwenye daftari, na saa, na tarehe. Kisha akampigia muuguzi: "3.2 iko salama, dada. Nimeipima mwenyewe."

Umeme ulikatika kituoni hapo Jumamosi iliyofuata, ukarudi, na jokofu likashindwa kuwaka pamoja nao. King'ora hakikulia. Jumatatu asubuhi akina mama walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, wakati muuguzi yule alipoingiza mkono katika kasha la chanjo akalikuta vuguvugu. Alilifunga. Hakumchoma mtoto hata mmoja. Wote wakarudishwa nyumbani, wakakaa wiki mbili bila kinga. Kwamba hakuna aliyeugua katika wiki hizo ni rehema, na wala haikutokana na lolote nililofanya mimi.

Kamati ya watu watano ikakaa katika chumba cha mkurugenzi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Bi Nukta aliletwa siku ya pili. Aliweka mezani diski mbili, moja ya kituoni, moja ya kabatini.

"Hizi zina jina moja," akasema, "na tabia mbili. Hii, umeme ukirudi, inalia. Hii hailii. Naomba mniulizie ni nani aliyebadilisha."

Mwenyekiti akasema huenda diski ya kituoni iliharibika kwa joto au vumbi. Kisha akanigeukia. "Mkuu, toleo la 3.2 lilibadilishwa baada ya kutolewa?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema neno hilo moja, na sikuulizwa swali la pili. Kamati ikaandika kwamba msimamizi wa matoleo alitoa ushauri bila uchunguzi wa kutosha. Mwezi uliofuata habari hiyo ilichapishwa katika jarida hili hili, ukurasa wa pili, ili iwe funzo kwa wafanyakazi. Alivuliwa cheo, akapewa barua ya onyo kali, na akahamishiwa kwenye simu za wateja, meza iliyo chini ya ngazi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na minane, na nilipandishwa cheo mara mbili njiani.

Turudi kwake, maana wasifu ni wake.

Barua ile alitakiwa aisaini. Ofisa utumishi alimpa kalamu. Bi Nukta aliisoma barua mpaka mwisho, akaandika chini yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka leo: "Sikubali. Kilichopimwa si kilichotumwa." Akarudisha kalamu. Aliitwa mara tatu tena, mara ya mwisho kwa kutishwa kufukuzwa. "Mnifukuze kwa barua nyingine," akawaambia, "hiyo nayo sitaisaini." Hawakumfukuza. Hakuna mwingine aliyejua nani ana diski gani.

Alikaa chini ya ngazi miaka tisa. Kila aliyepiga simu aliulizwa nambari ya toleo, kisha akaombwa asome tarehe ya faili, kisha ukubwa wake, na yote yakaingia daftarini. Wateja walilalamika kwamba mama wa simu anauliza maswali kama askari wa mpakani. Lakini aliwapata wote kumi na tisa. Mmoja mmoja, kwa simu, kwa muda wa miezi minne, aliwatumia diski salama. Hakuna aliyemtuma. Kwenye lebo za diski hizo, kwa kalamu yake mwenyewe, aliandika 3.2.1.

Hiyo ilikuwa nambari ya tatu ya kwanza katika historia ya kampuni, na ilikuwa kinyume cha amri. Baada ya hapo hakuacha. Kila kosa liliporekebishwa, sisi juu tukiandika 4.0, yeye chini ya ngazi aliongeza 4.0.1, 4.0.2. Tarumbeta akaiona lebo moja kwa mteja, akashuka ngazi akitanguliwa na sauti yake. Nilikuwa nimesimama pale na chai yangu, nikasikia yote.

"Wewe mama, nani kakutuma uongeze hiyo moja hapo mwisho?"

"Aliyekosea."

"Na mteja akiniuliza hiyo moja ni ya nini?"

"Mwambie tulikosea mara moja, tukarekebisha mara moja. Atakupenda, hajawahi kusikia neno la kweli kutoka kwako."

"Sikiliza. Washindani wetu wametoa toleo la tisa. Sisi tuko la nne, tunaonekana watoto. Nataka twende la kumi moja kwa moja."

"Binti yako yuko darasa la ngapi?"

"La nne. Binti yangu kaingiaje hapa?"

"Kesho mpeleke la kumi. Wenzake wako la tisa, asionekane mtoto."

Tarumbeta alipanda ngazi bila sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Namtetea kidogo marehemu: miaka mingi baadaye, kwenye sherehe ya kustaafu kwake, alikisimulia kisa hicho mwenyewe na kucheka kuliko sote.

Mwaka wa kumi na tano mkurugenzi wa kwanza aliondoka, akaja wa pili, mwanamke aliyekuwa mkaguzi wa dawa. Wiki yake ya pili aliuliza kikaoni swali moja: "Leo hii, ni kituo kipi kina programu ipi?" Tulitazamana. Mimi nilianza maelezo marefu kuhusu mazingira ya wateja. Akaninyamazisha kwa kiganja, akarudia swali. Mtu akasema labda mama wa chini ya ngazi anajua. Bi Nukta aliitwa, akaja na madaftari saba, akafungua la mwisho na kuanza kusoma: kituo, toleo, tarehe, jina la aliyepokea. Alisoma kwa dakika ishirini. Mkurugenzi mpya hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza kwa nini nambari zake ni tatu wakati zetu ni mbili.

"Kwa sababu ya tatu ndiyo inayookoa mtu," akasema Bi Nukta. "Hizo mbili nyingine ni za mauzo."

Alirudishiwa cheo chake asubuhi ileile. Utaratibu wake ukawa utaratibu wa kampuni, na ndio huu mnaoutumia: nambari tatu, kila moja na sababu yake, hakuna nambari inayotumika mara mbili, hakuna toleo linaloguswa baada ya kutoka. Ameusimamia miaka kumi na tisa. Leo programu inalinda majokofu katika vituo zaidi ya elfu mbili, na hakuna muuguzi aliyeuliza "tuko salama?" akakosa jibu la kweli. Mara nne wakuu mbalimbali wamejaribu kuingiza nambari zao: wa kwanza alitaka miaka ya kalenda, wa pili majina ya ndege, wa tatu alitaka turuke namba kumi na tatu kwa kuogopa nuksi, wa nne alitaka kufuta toleo moja lililotuaibisha na kulitoa upya kwa jina lilelile. Watatu wa mwanzo aliwasikiliza na kuwapa chai. Wa nne hakupewa chai. Aliambiwa maneno ambayo kila mfanyakazi mpya huambiwa na Bi Nukta siku yake ya kwanza: "Ukishatoa, umetoa. Ukikosea, toa lingine, na uandike kwamba ulikosea."

Lakini barua ya onyo ilibaki katika faili. Cheo kilirudi, barua haikufutwa, kwa kuwa matokeo ya kamati hayakuwahi kupingwa na shahidi yeyote. Na kanuni za kampuni zinasema mwenye onyo kali katika faili hapewi Cheti cha Utumishi Uliotukuka. Kwa hiyo miezi miwili iliyopita, majina ya wastaafu wa mwaka huu yalipobandikwa ubaoni, jina lake lilikuwa na nyota, na chini ya ukurasa maelezo ya nyota: "Bila cheti."

Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa kitandani, ambako sasa nipo siku nyingi kuliko siku nisizokuwepo. Figo zangu zimestaafu kabla yangu. Daktari hanifichi, nami simfichi kwamba nimechoka. Nikafanya lile ninalolijua: nikampigia simu mkurugenzi wa sasa, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, nikamwomba aiondoe barua ile kimyakimya. Akakubali. Alisema ni jambo la dakika mbili. Nikamwambia binti yangu amwite Bi Nukta, nimpe habari njema mwenyewe.

Alikuja Jumapili. Binti yangu alimwekea kiti karibu na dirisha. Nilimweleza yote: diski mama, kabati, lebo, swali la mwenyekiti. Nilichukua muda mrefu, pumzi zangu ni fupi siku hizi. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipolinganisha zile diski mbili, kabla ya kuitwa kwenye kamati. Faili la kabatini lilikuwa na tarehe ya siku kumi na moja baada ya kutoka. Ufunguo wa kabati ulikuwa na watu wawili, mimi na wewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mzee wangu. Mlikuwa watano mezani, mkanisikia wote. Mmoja wenu alikuwa na jibu."

Nikamwambia sasa barua itaondolewa, nimeshazungumza na mkurugenzi, Ijumaa ya tarehe thelathini atapata cheti chake kama wenzake. Nilidhani atafurahi. Alinyanyuka kitini.

"Nani atakuwa ameiondoa?"

"Ofisi. Kimyakimya."

"Kwa hiyo unafungua kabati tena," akasema. "Unatoa ile, unaweka hii, lebo ileile, hakuna atakayejua. Mara ya pili, mzee? Na umri huo?"

Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema polepole, "Baba, hapo kakupata."

"Barua ibaki," akaendelea Bi Nukta. "Ina mwandiko wangu chini, sitaki upotee. Ulichokitoa kimetoka. Ukitaka kurekebisha, toa kingine, uweke mahali palepale palipochapishwa uongo, wasome walewale. Usiniletee samahani ya chumbani. Chumbani sikuaibishwa."

Kisha akaketi, akaomba chai, na tukazungumza habari za wajukuu mpaka jua likasogea kwenye ukuta wa pili. Kabla ya kuondoka aliuweka vizuri mto wangu. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumuuliza.

Nimelifanya alilosema. Jumatatu nilimrudia mkurugenzi kwa simu, nikamwambia barua isiguswe. Jumanne niliandika maelezo yangu, nikayasaini mbele ya mwanasheria, binti yangu akayapeleka kwa mkono ofisi ya utumishi. Yamegongwa muhuri na kupewa nafasi katika faili lake, nyuma ya barua ya onyo, na barua ipo palepale na mwandiko wake chini. Atakayelifungua faili hilo miaka hamsini ijayo atakuta vyote viwili kwa mfuatano wake, na atajua ni kipi kilichotangulia, na ni kipi cha kuaminiwa.

Mkurugenzi alinishauri nisiyatangaze haya, kwa heshima yangu mwenyewe na kwa jina la kampuni. Namshukuru kwa kunijali. Heshima hiyo niliikopa kwa Bi Nukta bila kumwomba, na nimekaa nayo vya kutosha. Kuhusu jina la kampuni, lilishikiliwa na mama mmoja chini ya ngazi wakati sisi tuliokaa juu tulikuwa tunalilinda kwa uongo. Wanaotaka kunichukulia hatua waje mapema. Kiti kipo karibu na dirisha.

Sasa shahidi amepinga matokeo ya kamati. Kanuni ile ile iliyomnyima cheti inasema onyo lililopingwa na shahidi wake mkuu halihesabiwi. Nimeisoma mara tatu, ni ibara ya ishirini na mbili, nami ndiye niliyeiandika enzi za ukuu wangu, bila kujua nilikuwa namwandikia nani. Ofisi ina hadi tarehe thelathini kuifuta ile nyota. Ikishindwa, basi jioni hiyo binti yangu atasimama ukumbini na kusoma haya kwa sauti, na sauti yake, nawaonya, ameirithi kwa mama yake na si kwangu.

Mhariri aliniomba niuandikie wasifu huu kichwa na tarehe tu. Mimi nimeongeza nambari kwenye kona ya juu, na naomba ichapwe. Habari ya kwanza ya kazi ya Bi Nukta katika jarida hili, ile ya ukurasa wa pili, miaka ishirini na minane iliyopita, ndiyo 1.0.0. Haikupewa nambari wakati huo, naipa leo. Nilipoanza kuandika nilishawishika kuuita huu 1.0.1, kana kwamba kulikuwa na herufi iliyoteleza. Lakini najua utaratibu, nimefundishwa na mwenyewe. Mtu akilazimika kujifunza upya kila alichokiamini, nambari inayopanda ni ya kwanza.

Huu ni 2.0.0. Msiuguse.

Bi Nukta, asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa ile tisa ya chini ya ngazi asante mara mbili. Nenda ukapumzike kwa mumeo na wajukuu, ukiwa na afya, na cherehani ya mama yako, na madaftari yako saba. Fundi yule aliyewafuata pacha nyumbani kwao alichukua siku moja. Mimi nimechelewa sana, lakini nimefika, na mashangazi wote wapo. Kosa lilikuwa langu, wala si la msimamizi wa matoleo.